Je, Wajua? Bislett, Uwanja wa Kuvunjia Rekodi

Je, wajua kwamba huko Oslo, Norway, kuna uwanja mmoja ulioshuhudia rekodi za dunia za riadha zaidi ya 50? Unaitwa Bislett. Kila mwaka mabingwa wa dunia hukusanyika pale kwa jioni moja tu, wakakimbia, wakaruka, wakarusha, kisha kila mmoja akashika njia yake. Hebu sogea hapa nikuhadithie, maana mengine utataka niyarudie.

Je, wajua kwamba mwezi Juni, saa 4 za usiku, jua la Oslo bado halijazama? Huzama karibu saa 4 na dakika 40! Wakati watoto wa Dodoma na Eldoret wameshalala fofofo, mwanariadha wa Bislett anapasha misuli moto mchana kweupe. Na kibaridi kipo, kile hasa ambacho wakimbiaji wa masafa marefu hukiombea dua.

Na mashabiki je? Katika uwanja wa zamani majukwaa yalibanana na njia ya kukimbilia, kiasi kwamba waliokaa mbele waliinama tu na kuyapiga mabango ya matangazo kwa viganja. Kundi la wakimbiaji likipita, kishindo kinalifuata. Likiingia kona, upande wa pili unapokea. Wakimbiaji wengi wamesema kelele zile zilikuwa zikiwasukuma mgongoni.

Sasa shika hili: uwanja huohuo uliwahi kuandaa Olimpiki ya barafu! Mwaka 1952 Oslo ilipokuwa mwenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi, sherehe za ufunguzi na mbio za kuteleza kwenye barafu zilifanyika Bislett. Dereva wa lori wa Norway, Hjalmar Andersen, alitwaa medali 3 za dhahabu kwa siku 3 mfululizo. Mbio za mita 10,000 alizishinda kwa karibu sekunde 25. Ndiyo, pale pale ambapo wakati wa kiangazi watu hukimbia kwa kaptula na fulana.

Je, wajua kwamba mwaka 1924 Mholanzi Adriaan Paulen aliweka pale rekodi ya dunia ya mita 500, mbio ambazo leo huzikuti kwenye mashindano makubwa? Alitumia dakika 1 na sekunde 3.8. Nusu karne baadaye, mwaka 1976, mtu huyohuyo akawa rais wa shirikisho la riadha la dunia.

Na mwaka 1955? Rekodi ya mita 800 ya Mjerumani Rudolf Harbig ilikuwa imesimama miaka 16, imara kama mbuyu. Agosti hiyo Mbelgiji Roger Moens akaiangusha Bislett kwa 1:45.7. Aliyekuwa wa pili, Audun Boysen wa Norway, alitumia 1:45.9. Naye pia aliipita rekodi ya zamani, lakini akarudi nyumbani bila rekodi!

Michezo ya Bislett kwa jina hilo ilianza mwaka 1965, ikiendeshwa na vilabu vitatu vya Oslo: Tjalve, Vidar na BUL. Wewe ungetaka mashindano yako yaanze kwa kishindo gani? Wao walimpata Ron Clarke wa Australia. Julai 14 mwaka huo alikimbia mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 39.4, akiwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 28. Rekodi iliyokuwapo aliipunguza kwa zaidi ya nusu dakika kwa mkupuo mmoja. Siku hizi rekodi ikipungua kwa sekunde 5 tunaruka vitini!

Unajua wageni waliandaliwa nini? Stroberi! Mkuu wa mashindano kwa miaka mingi, Arne Haukvik, alikuwa akiwaalika wanariadha nyumbani kwake kula stroberi. Karamu hiyo ikawa maarufu karibu sawa na mbio zenyewe.

Haya, sasa tuje kwa watu wetu. Je, wajua kwamba Henry Rono, mwana wa Nandi, alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 tu, mwaka 1978? Mita 5,000 aliivunja Berkeley, mita 3,000 kuruka viunzi na maji akaivunja Seattle, mita 10,000 akaivunja Vienna. Ya nne ndiyo iliyomleta Bislett, Juni 27: mita 3,000 kwa 7:32.1. Mara ya mwisho ulisikia lini mtu mmoja akishika rekodi 4 za namna hiyo kwa wakati mmoja? Ile ya Oslo ilidumu miaka 11. Na Rono huyu hakuwahi kukimbia Olimpiki hata mara moja, kwa sababu Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980. Alifariki Februari 2024, na kwangu mimi hakuna mkimbiaji aliyewahi kuwa na msimu mkubwa kuliko ule.

Mwaka uliofuata akaja kijana wa Kiingereza, Sebastian Coe. Julai 5, 1979, alikimbia mita 800 kwa 1:42.33, akakata zaidi ya sekunde nzima kwenye rekodi ya Mkyuba Alberto Juantorena. Siku 12 baadaye akarudi palepale na kuivunja rekodi ya maili moja kwa 3:48.95. Mwenye rekodi ya zamani, John Walker wa New Zealand, alikuwamo ndani ya mbio hizo, akaishuhudia ikiondoka mbele ya macho yake!

Subiri, hii ni tamu zaidi. Julai 1, 1980, Coe alivunja rekodi ya mita 1,000 Bislett, na papo hapo akawa na rekodi za dunia za mita 800, mita 1,000, mita 1,500 na maili, zote nne mkononi. Raha ilidumu kwa muda gani? Kama saa moja hivi! Jioni hiyohiyo, uwanjani humohumo, hasimu wake Steve Ovett aliingia kwenye mbio za maili na kumnyang'anya hiyo rekodi kwa 3:48.8. Wiki mbili baadaye, bado Bislett, Ovett akaifikia na ile ya mita 1,500.

Je, wajua kwamba mwaka 1982 Mwingereza David Moorcroft alikimbia mita 5,000 Oslo kwa dakika 13 na sekunde 0.41? Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya nani, unadhani? Ya Henry Rono yuleyule, aliyeiweka Knarvik, hukohuko Norway, Septemba 1981. Moorcroft aliikata kwa karibu sekunde 6. Kidogo tu azivunje dakika 13. Kidogo tu!

Miaka 3 baadaye Said Aouita wa Morocco aliikimbilia rekodi hiyo katika uwanja uleule. Saa ilisimama kwenye 13:00.40. Umeiona tofauti? Sehemu moja ya mia ya sekunde! Baada ya mita 5,000, rekodi ilipita kwa sentimita 6 hivi. Dakika 13 zenyewe Aouita alizivunja baadaye, Roma, mwaka 1987.

Lakini usiku ule wa Aouita, Julai 27, 1985, haukuwa wa Aouita peke yake. Steve Cram alikimbia maili kwa 3:46.32, akaivunja rekodi ya Coe kwa sekunde nzima na ushee, huku Coe mwenyewe akimfuata nyuma na kumaliza wa tatu. Na mama mmoja wa Norway, Ingrid Kristiansen, akakimbia mita 10,000 kwa 30:59.42, mwanamke wa kwanza kuingia chini ya dakika 31. Hesabu nami: maili, mita 5,000, mita 10,000. Rekodi 3 za dunia, jioni moja, uwanja mmoja! Mashabiki waliokata tiketi siku hiyo sijui waliwezaje kulala.

Kuhusu Kristiansen, tulia kidogo. Agosti 1983 alijifungua mtoto. Juni 1984, kabla mtoto hajatimiza mwaka, mama akaingia Bislett na kuwa mwanamke wa kwanza duniani kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 15: 14:58.89. Julai 1986 akarudi kwenye mita 10,000 na kuikata rekodi yake mwenyewe kwa karibu sekunde 46. Wakati anafanya yote haya, Olimpiki ilikuwa bado haijawawekea wanawake mbio hizo. Mita 10,000 za wanawake ziliingia mwaka 1988, na mita 5,000 zikasubiri hadi 1996!

Mwenzake Grete Waitz, binti wa Oslo, aliweka rekodi ya dunia ya mita 3,000 Bislett mwaka 1975, kisha akaivunja mwenyewe palepale mwaka 1976. Ni huyohuyo aliyekuja kushinda mbio za marathoni za New York mara 9. Tisa!

Je, wajua kwamba mwaka 1992 Jan Železný alirusha mkuki Bislett ukafika mita 94.74, na rekodi ikakataliwa? Aina ya mkuki wenyewe haikuidhinishwa. Wala hakukata tamaa: mwaka 1996, kule Jena, alirusha mita 98.48, na hadi leo hakuna aliyeufikia umbali huo.

Rudi sasa Kenya. Julai 5, 1993, Richard Chelimo alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 Stockholm kwa 27:07.91. Aliifurahia kwa siku ngapi? Tano! Julai 10 Mkenya mwenzake, Yobes Ondieki, alishuka Bislett na kumaliza kwa 26:58.38. Binadamu wa kwanza chini ya dakika 27. Kila mzunguko wa mita 400 kwa wastani wa chini ya sekunde 65, na mizunguko ni 25. Jaribu kukimbia mmoja tu kwa kasi hiyo, halafu uje tuzungumze.

Mwaka mmoja baadaye, Julai 1994, Mkenya mwingine, William Sigei, akaiteremsha hadi 26:52.23. Wapi? Bislett, wapi tena! Kisha Julai 4, 1997, Haile Gebrselassie wa Ethiopia akakimbia palepale kwa 26:31.32. Siku 49 tu zilipita, Paul Tergat akaichukua Brussels kwa 26:27.85 na kuirudisha Kenya.

Ethiopia nao hawakuikosa Oslo. Mwaka 2007 Meseret Defar aliweka rekodi ya mita 5,000 ya wanawake kwa 14:16.63. Mwaka 2008 Tirunesh Dibaba akaja katika uwanja uleule akaifuta kwa 14:11.15, na yake ikakaa miaka 12.

Je, wajua kwamba Bislett ya leo si ile aliyokimbia Rono? Uwanja wa zamani ulibomolewa, michezo ya 2004 ikahamia Bergen, na mwaka 2005 ukafunguliwa mpya. Chini ya majukwaa yake kuna njia ya ndani ya kukimbilia inayozunguka uwanja mzima, zaidi ya mita 500 kwa mzunguko. Theluji ikianguka nje, watu wa Oslo wanaendelea na mazoezi bila wasiwasi.

Walihofia kwamba uwanja mpya hautakuwa na baraka za ule wa zamani? Muulize Karsten Warholm. Julai 1, 2021, mwana huyo wa Norway alikimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 46.70 mbele ya watu wake, akaivunja rekodi ya Mmarekani Kevin Young ya mwaka 1992. Rekodi hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye, maana Warholm alizaliwa mwaka 1996! Siku 33 baadaye, kwenye Olimpiki ya Tokyo, akakimbia kwa 45.94 na kuichana fulana yake kwa furaha.

Na hili la mwisho ni la majirani zetu wa Uganda. Mei 30, 2024, Jacob Kiplimo alikimbia mita 5,000 Bislett kwa dakika 12 na sekunde 40.96. Muda huo ungetosha kuvunja rekodi zote za dunia zilizowahi kuwekwa za mita 5,000 isipokuwa nne. Basi unadhani alishinda? Alikuwa wa tatu! Hagos Gebrhiwet wa Ethiopia alifika kwa 12:36.73, akaikosa rekodi ya dunia ya Mganda mwingine, Joshua Cheptegei, kwa sekunde 1.37 tu.