SAMAKI WENYE VIDONDA KATIKA MADIMBWI YA KIANGAZI



Kuanzia mwezi wa Septemba hadi mvua za Desemba, vijito vingi vya Nachingwea na Ruangwa hubaki mchanga mtupu. Maji hubakia katika madimbwi machache, na humo samaki wote walionusurika hujikuta wamebanana, kambale kwa perege. Vijana huwachota kwa vikapu, wengine kwa vyandarua vya mbu (vyandarua vyenye dawa ni hatari kwa samaki na vinawaacha watoto wakiumwa na mbu, lakini hayo nitayaandika siku nyingine). Akina mama hufurahi kupata kitoweo bila fedha, nami sina neno juu ya hilo. Mtoto anayepata samaki hukua vizuri kuliko yule anayekula ugali kwa chumvi.

Lakini miongoni mwa samaki hao huonekana wengine wenye vidonda vyekundu ubavuni, mapezi yaliyolika, macho yaliyotokeza nje, au tumbo lililojaa maji. Wengine huelea wamekufa. Swali ninaloulizwa kliniki ni hili: huyu analiwa au haliwi?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mara nyingi kinachomtoa samaki vidonda vya namna hiyo ni vijidudu vya bakteria viitwavyo aeromonasi. Havikuletwa na mtu. Vimo katika maji baridi karibu yote, hata tumboni mwa samaki mzima, na kwa kawaida havimdhuru. Samaki analindwa na magamba yake na ule ute unaotuponyoka mikononi. Sasa fikirini dimbwi la Oktoba: maji yamepata moto, hewa iliyomo ndani yake imepungua, samaki wanakwaruzana, ng'ombe wanaingia kunywa na kuacha kinyesi. Ute unatoka, nguvu za mwili zinapungua, na vijidudu vinapata mlango. Ni kama watoto wa bweni waliolazwa wawili wawili katika chumba kisicho na dirisha. Akianza mmoja kupata upele, baada ya wiki wanajikuna wote.

Kuna na bakteria wengine ambao huacha doa jeupe mgongoni mwa samaki, mfano wa tandiko la punda, na kuozesha mashavu yake. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 na Mmarekani H. S. Davis.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wao wa perege wa bwawa la Mtera, nao walipata aeromonasi pamoja na bakteria wengine wenye uwezo wa kudhuru. Huko Uganda, kati ya Septemba 2016 na Februari 2017, walipimwa samaki 288, perege na kambale, kutoka mashamba 40 ya samaki na sehemu 8 za maji ya asili. Bakteria waliopatikana kwa wingi walikuwa hao hao aeromonasi, na walionyesha usugu mkubwa kwa dawa za penisilini na ampisilini. Naomba mlikumbuke jambo hilo la usugu, nitalirudia hapa chini.

Si kila samaki anayeelea ameuawa na ugonjwa. Mwezi Machi 2022 samaki wengi walikufa katika Mto Mara. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilisema hewa ya oksijeni ilipungua majini kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuridhika na jibu hilo, na mabishano yakawa makubwa. Ninyi mlio kando ya dimbwi mnaweza kuchunguza kidogo kwa macho. Perege wakifa usiku mmoja, na asubuhi kambale bado wanapanda juu kuvuta pumzi, yaelekea hewa ndiyo iliyokwisha, kwa kuwa kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu na perege hana. Wakifa wachache kila siku, tena wana vidonda, yaelekea ni ugonjwa. Lakini wakifa wote kwa pamoja, kambale, vyura na wadudu wa majini, shukuni sumu: ama utupa uliopondwa, ama dawa za kupulizia mikorosho. Hapo msichukue hata mmoja, wala msichote maji hayo. Kuvua kwa sumu kumekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na moto wa jikoni hauondoi sumu za shambani.

Sasa jibu la swali lenu. Bakteria wa vidonda hufa samaki akiiva vizuri hadi ndani. Kwa hiyo aliyekwisha kumla akiwa ameiva asipate hofu. Hata hivyo mimi nasema samaki mwenye vidonda, na yule mliyemkuta amekufa, asiliwe. Samaki aliyekufa majini wakati wa joto huoza upesi, na kuoza huweza kuacha sumu zisizoisha kwa kupika. Isitoshe, maji yake hubaki kwenye kisu na ubao, kisha kwenye ubao ule ule mnakata nyanya za kachumbari ambayo haipiti motoni. Na kumkausha kwa moshi nusu nusu, nje mweusi na ndani mbichi, hakumfanyi kuwa salama.

Aliye hatarini zaidi, kwa maoni yangu, si mlaji bali ni yule anayemparua. Kambale ana miiba yenye meno kwenye mapezi ya kifuani, na perege ana miiba mgongoni. Katika miaka ya 1995 na 1996, mjini Toronto, Kanada, waliuguzwa watu 9 walioambukizwa bakteria wa aina ya streptokokasi baada ya kushika samaki wabichi, wengi wao perege wa kufugwa. Wanane kati yao walikuwa wamevimba mkono, na wa tisa maambukizo yalifika hadi kwenye moyo. Yote hayo kwa mchomo mdogo jikoni.

Ukichomwa, acha kazi. Osha mahali hapo kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha funika kwa kitambaa safi. Usipake majivu wala mavi ya ng'ombe. Kama hukumbuki sindano yako ya mwisho ya pepopunda, njoo uchomwe. Wekundu ukipanda mkononi, ukipata homa, au yakitokea malengelenge yenye rangi nyeusi, usingoje kesho, kwa maana aeromonasi huenda mbio. Wenye kisukari, ugonjwa wa ini au upungufu wa kinga wasingoje hata dalili hizo.

Na hapa narudi kwenye usugu. Wengi hukimbilia duka la dawa kununua amoksilini, wakameza vidonge vinne vitano wakaacha. Amoksilini ni ndugu wa ampisilini, na kwa kawaida aeromonasi haisikii dawa hizo. Mgonjwa anapoteza siku mbili, mkono unazidi kuvimba. Mweleze muuguzi au daktari tangu mwanzo kwamba ulichomwa na samaki wa mtoni, ili achague dawa inayofaa. Hata kijivimbe kidoleni kisichopona kwa wiki nyingi kitajie hivyo hivyo, kwa sababu majini kuna bakteria mmoja, jamaa wa yule wa kifua kikuu, ambaye huanza polepole namna hiyo. Wala mtu asimwage kapsuli dimbwini akidhani anawatibu samaki.

Mkiona samaki wanakufa kwa wingi, mwambieni mwenyekiti wa kijiji ampelekee habari afisa uvuvi wa wilaya siku hiyo hiyo, maana samaki aliyeoza hapimiki vizuri. Waliokufa waopolewe kwa wavu au kwa fimbo, si kwa mikono mitupu, na wafukiwe mbali na kisima, shimo likiwa refu kiasi cha kuwashinda mbwa.