Zawadi ya Akaunti Mpya Inatoka Wapi?

Ofisa wa benki akifungua mwavuli wake kijijini, na fulana mezani na mashine ya alama za vidole pembeni, mchumaji chai wa Dindira ana haki ya kuuliza jambo moja kabla ya kutaja namba yake ya NIDA: zawadi hii mnaipata wapi?

Inatoka kwenye fedha zake mwenyewe. Shilingi iliyolala kwenye akaunti ya kawaida humpa mwenyewe riba kidogo sana, au isimpe kabisa. Benki huichukua shilingi hiyo hiyo ikaikopesha, au ikanunua hatifungani za serikali, na kupata riba kubwa zaidi. Zawadi ni sehemu ndogo ya tofauti hiyo, imetolewa mapema ili wewe na mshahara wako msiende kwa jirani.

Wamarekani wanalijua hili vizuri. Sheria yao ya benki ya 1933 ilipiga marufuku kulipa riba kwenye akaunti za hundi, na riba za akiba nazo zikawekewa kikomo. Benki zikaanza kushindana kwa vyombo vya nyumbani: fungua akaunti, ondoka na kibaniko cha mkate. Vikomo vya riba za akiba viliondolewa miaka ya 1980, ila mazoea yakabaki, na leo kinachotolewa ni fedha taslimu, mara nyingi dola 200 au 300. Sharti la kawaida ni mshahara uingie moja kwa moja, na ukifunga akaunti mapema unaweza kunyang'anywa zawadi. Kodi nayo ipo, kwa kuwa bonasi hiyo huhesabiwa kama riba.

Kwetu Tanzania, taslimu ya kufungulia akaunti ni adimu. Tunachokiona zaidi ni droo kama ya Bonge la Mpango ya NMB, au masharti mepesi, kama Pesa Akaunti ya benki hiyo hiyo inayofunguliwa kwa sh 1,000. Mimi nachagua masharti mepesi. Kwenye droo mmoja huondoka na pikipiki na maelfu hurudi mikono mitupu. Nafuu ya ada humfikia kila mwenye akaunti. Mwaka 2014 huduma ya fedha kwa simu ya Tigo Pesa, ambayo sasa ni Mixx by Yas, iliwagawia wateja zaidi ya dola milioni 8, faida ya salio lao lililokuwa limehifadhiwa benki. Hakuna aliyeshinda droo. Kila mmoja alipata kwa kadiri ya salio lake, na hapo wengi walijua kwa mara ya kwanza kwamba hata salio la simu huzaa.

Sasa tupige hesabu. Tuseme umeahidiwa sh 10,000 ukiweka sh 200,000 zisiguswe kwa miezi mitatu. Akaunti inakatwa sh 1,500 kila mwezi. Hizo ni 4,500. Siku ya kutoa, makato ya wakala ni 3,000. Umebakiwa na sh 2,500. Wakala akikosa floti, utashuka Korogwe kwa bodaboda, na nauli ya kwenda na kurudi itameza hiyo 2,500 na kudai nyongeza. Tena huenda hizo laki mbili zilikuwa za mbolea, na mvua haisubiri miezi mitatu iishe.

Kwa hiyo omba karatasi ya ada, isome yote: makato ya mwezi, ya kutoa, ya ujumbe wa simu, ya kadi, ya kufunga akaunti. Ofisa asiyekuwa nayo hajawa tayari kukuhudumia. Namba ya siri usimpe, hata akisema anakusaidia kuiweka.

Usalama wa amana yenyewe hautegemei fulana. Bodi ya Bima ya Amana humlinda mwenye akaunti hadi sh milioni 7.5 benki ikifilisika. Zamani ilikuwa milioni 1.5.

Nguvu kubwa zaidi ya mteja iko kwenye wingi. Benki huwapa waajiri wakubwa masharti mazuri kwa sababu mishahara mingi hupita mlango mmoja. Wakulima wanaouza kupitia chama cha ushirika nao wana mlango huo. Wakikubaliana kwenye mkutano mkuu, wanaweza kuziita benki mbili tatu, na kabla ya msimu wa malipo waziambie: fulana bakini nazo, futeni makato ya mwezi, na wakala mwenye floti awepo hapa Dindira siku ya malipo.