Msalaba wa Shaba si Sufuria

"Mzee, nipake nini ung'ae?" Tangu mvua zianze nimeulizwa hivyo mara tatu, na aliyeuliza mwisho alikuja na msalaba wenyewe, wa kale, wa shaba ya Katanga, ndani ya mfuko wa simenti, umekuwa mwekundu kama waya mpya. Ndimu na chumvi, akajisifu, halafu brashi ya chuma kumalizia. Nilikosa la kusema.

Mtu wa Likasi, mji wa machimbo ya shaba, hahitaji kufundishwa malakiti, lile jiwe la kijani. Basi ajue kuwa ule ukijani mgumu wa msalaba, unaoteleza chini ya kidole, kwa sehemu kubwa ndiyo malakiti hiyohiyo: shaba iliyokaa ardhini ikaanza kurudi kuwa jiwe. Si uchafu, ni ngozi. Alama za mchanga ambamo mhunzi aliimimina shaba ikiwa uji zimo humo. Ukiikwangua, hakuna atakayeutofautisha msalaba wako na uliotengenezwa juzi uani kwa fundi.

Ndimu ingechubua tu, labda ningenyamaza. Mharibifu hasa ni chumvi. Ina kloraidi, na kloraidi ikishapenya kwenye vinyweleo vya shaba haitoki kwa kusuuza mara moja. Kiangazi chote hewa ni kavu, msalaba unang'aa, mwenyewe anaita wageni. Novemba unyevu unaingia. Kloraidi, maji na oksijeni vinakutana, shaba inaliwa, inazaliwa asidi inayofungulia shaba nyingine, na kloraidi haiishi: inaanza upya. Utaona vidoa vya unga wa kijani mpauko. Ukipuliza unapeperuka, chini kuna kishimo. Na mwenye mali akiona vidoa anafanya nini? Anaongeza ndimu na chumvi!

"Lakini bibi alisafisha hivyo sufuria zake." Sufuria ya bibi ilisuguliwa na kupikiwa kila siku, na hakuna aliyetaka kusoma historia juu yake. Misalaba iliyofukuliwa Sanga, kando ya Ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, ilikuwa imelala makaburini karne kadhaa. Hiyo nayo uipeleke jikoni?

Tena tuache kuiita bronzi. Bronzi ina bati. Msalaba ni shaba iliyoyeyushwa kutoka malakiti kwa moto wa makaa. Anayetaka bronzi yenye msalaba atafute faranga ya Katanga ya 1961, na hiyo pia asiisugue.

Cha kufanya, haraka: vumbi litoe kwa brashi laini, kavu. Shika kwa glavu za pamba, jasho lina chumvi. Weka kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe vikilowa. Umeshaosha kwa chumvi? Loweka kwenye maji yaliyotoneshwa, si ya bomba, uyabadilishe kwa wiki kadhaa, kisha ukaushe kabisa. Nta nyembamba ni ya shaba kavu isiyo na vidoa. Ukinunua, futa kwa pamba yenye spiriti: kijani kikihamia kwenye pamba, umeuziwa rangi. Na muuzaji asiyeweza kusema msalaba umetoka wapi, huku udongo bado umo kwenye pembe zake, mwache. Kuna sheria ya kulinda urithi wa utamaduni tangu 1971, na kuna makumbusho Lubumbashi.

Ule wa mfuko wa simenti uko kwangu, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Leo asubuhi mkono wake mmoja umeota vidoa viwili.