Je, Wajua? Mzee wa Baraza Si Pambo

Tanzania haina jopo la raia 12 kama lile la sinema za Marekani. Ila mkulima wa iliki wa Kwamkoro, kule kwenye mashamba ya chai ya Amani, anaweza kuteuliwa kuwa mzee wa baraza na kusaidia kuamua kesi ya mpaka wa shamba.

Kesi hiyo ikifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, sheria ya mwaka 2002 inamtaka mwenyekiti aketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Mahakimu wana chuo chao Lushoto. Mzee wa baraza huja na macho yake tu, yanayojua mti uliopandwa mpakani na ule uliojiotea. Husikiliza ushahidi, kisha hutoa maoni kabla ya hukumu. Mwenyekiti halazimiki kuyafuata, lakini akiyakataa lazima aeleze sababu.

Basi kazi yao nini? Muulize aliyeshinda kesi akaambiwa arudi mwanzo: mwaka 2018, katika shauri la Edina Adam Kibona dhidi ya Absolom Swebe, Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo wa baraza kwa dosari ya maoni ya wazee.