Kamera ya vibonye vichache hutoa picha nzuri zaidi? Kazi za Depara na Keïta zina la kusema

Mjini Goma, Bukavu ama Lubumbashi, kijana anayetaka kuingia katika kazi ya kupiga picha huulizwa kwanza: una mashine gani? Wengi hukusanya dola kupitia likelemba, wengine hukopa kwa ndugu, mpaka wapate kamera kubwa yenye vibonye kila upande. Kisha siku ya ndoa inapofika, mashine hiyo hubaki kwenye otomatiki tangu kanisani hadi ukumbini. Ndiyo maana mjadala wa wapiga picha wa nchi nyingi, kama kamera isiyo na mambo mengi inasaidia kupiga vizuri zaidi, unawagusa pia vijana hawa na mfuko wao.

Jibu la kwanza liko hapa kwetu Congo. Jean Depara alizaliwa Angola mwaka wa 1928, akaja kuishi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka wa 1950 alinunua kamera ndogo aina ya Adox ili abaki na kumbukumbu ya ndoa yake. Wakati huo alikuwa akijitafutia riziki kwa kutengeneza baiskeli na saa. Mwaka wa 1954 mwanamuziki Franco akamchukua awe mpiga picha wake. Picha zake za usiku, wanawake waliovaa vizuri, vijana wa "Bills" na kofia zao, magari mbele ya baa, zilionyeshwa Paris mwaka wa 2015 katika maonyesho ya Beauté Congo.

Kamera ndogo za miaka ile hazikuwa na kioo cha kuangalia picha iliyopigwa. Mpiga picha alirekebisha mambo matatu tu: uwazi wa lenzi, kasi na umbali. Mara nyingi mwanga aliupima kwa macho yake mwenyewe.

Nchini Mali, Seydou Keïta alipewa na mjomba wake kamera ya Kodak Brownie mwaka wa 1935, akiwa bado kijana mdogo. Alipofungua studio yake Bamako mwaka wa 1948, alifanya kazi na kamera kubwa ya miguu mitatu, na kwa sababu filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida mteja mmoja alipigwa picha moja tu. Moja! Kwa hiyo kazi yote ilifanyika kabla ya kubonyeza: mkono uwekwe wapi, kichwa kigeuke kiasi gani, kitambaa gani kitundikwe nyuma. Anayeziangalia picha hizo leo anaona kwamba hakuna kidole kilichowekwa ovyo.

Lakini hapa watu huchanganya mambo mawili. Kamera ya Keïta ilikuwa na sehemu chache, ila haikuwa rahisi kutumia hata kidogo. Simu ya leo ni kinyume chake: mtoto anaweza kuitumia, lakini ndani yake kuna programu nyingi zinazounganisha picha kadhaa kuwa moja, kulainisha ngozi na kuangaza giza bila kumuuliza mtu. Ni rahisi kwa sababu inaamua yenyewe.

Na uamuzi huo unaweza kuharibu kazi. Kipimo cha mwanga cha kamera hutafuta wastani. Bibi harusi wa ngozi nyeusi akivaa nguo nyeupe na kusimama juani, nguo inajaza kipimo, kamera inapunguza mwanga, na uso wake unatoka giza. Familia inalalamika, kijana analaumu kamera. Dawa yake ni kibonye kimoja tu, kile chenye alama ya + na −, ambacho kipo hata kwenye mashine nyingi za zamani.

Kuna mahali ambapo vibonye vichache havitoshi. Anayepiga mechi ya mpira anahitaji lenzi inayokamata haraka. Mwandishi wa habari anayefanya kazi usiku kwenye mtaa usio na umeme anahitaji mashine inayoona gizani. Hapo kumsifu Depara hakusaidii kitu, pesa za kamera ya nguvu zinajilipa.

Kwa wengine, zoezi la Keïta linawezekana bila kununua chochote: kufunika kioo cha nyuma kwa kipande cha karatasi, kutotumia zumu, na kujiwekea picha 36 kwa siku nzima, kama filamu moja ya zamani. Picha mbaya zitakuwepo, ila kila moja itaonyesha kosa lilikuwa wapi.

Linalobaki gumu ni soko. Mteja wa ndoa bado anaangalia ukubwa wa mashine kabla ya kuangalia picha, na mwenye kamera ndogo hupewa bei ndogo, hata kama kazi yake ni safi. Wengine wamepata njia yao: mashine kubwa inaning'inia shingoni ili wageni waione, na picha zinapigwa na ile ndogo iliyo mkononi.