Kuchemsha maji hakuondoi risasi: Yaliyowakuta wazazi wa Jackson

Kwa karibu wiki saba za mwaka 2022, mzazi wa Jackson, mji mkuu wa jimbo la Mississippi kusini mwa Marekani, alitakiwa kuchemsha maji ya bomba kabla ya kumpa mtoto. Tangazo lilitolewa mwishoni mwa Julai, likaondolewa katikati ya Septemba. Kati ya tarehe hizo mambo yaliharibika zaidi: mwishoni mwa Agosti mvua kubwa ziliufurisha mto Pearl, pampu za mtambo mkuu wa kusafisha maji, O.B. Curtis, zikashindwa kazi, na watu wapatao 150,000 wakabaki bila maji salama. Shule zilifunga madarasa, watoto wakasomea nyumbani kwa intaneti. Magari yalipanga foleni ndefu kupokea katoni za maji ya chupa, na ya kumwagia chooni yakaletwa na maboza.

Mzazi wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuguna. Kuchemsha maji nayo ni habari? Huku kwetu sufuria ya maji ya kunywa hupoa jikoni kila jioni. Lakini maji ya Jackson yalikuwa na tatizo jingine, la zamani zaidi, ambalo sufuria haliwezi kulitibu.

Kabla ya habari za maji, dunia iliujua mji huu kwa Medgar Evers, mpigania haki za watu weusi. Alikuwa baba wa watoto watatu, na mkubwa wao alimwita Darrell Kenyatta, kwa heshima ya Jomo Kenyatta. Nyumba yao haikuwa na mlango wa mbele; mlango uliwekwa ubavuni, kwenye maegesho ya gari, ili anayeingia asionekane kirahisi kutoka barabarani. Watoto walifundishwa kujilaza sakafuni wakisikia mlio wa bunduki. Usiku wa kuamkia Juni 12, 1963 walikuwa macho na mama yao Myrlie, wakimsubiri. Baba aliposhuka kwenye gari akapigwa risasi mgongoni. Watoto wakajilaza chini, kama walivyofundishwa. Muuaji alihukumiwa mwaka 1994, miaka 31 baadaye.

Gavana wa Mississippi wakati huo alikuwa Ross Barnett, mtetezi mkubwa wa ubaguzi. Bwawa linaloupatia mtambo wa O.B. Curtis maji linaitwa kwa jina lake hadi leo.

Historia hiyo haijaachana na bomba. Shule za Jackson zilipolazimishwa kuchanganya watoto weupe na weusi mwaka 1970, familia nyingi za Wazungu zilianza kuhamia vitongoji vya nje ya mji. Wakazi walikuwa takriban 200,000 mwaka 1980. Mwaka 2020 walibaki kama 154,000, wanane kati ya kila kumi wakiwa weusi. Walipa kodi walipungua, lakini mabomba ya chini ya ardhi yalibaki yale yale na yakazidi kuzeeka. Baridi kali ya Februari 2021 ilipogandisha mitambo, baadhi ya nyumba zilikaa wiki kadhaa bila maji.

Tatizo lile jingine lilitangazwa mapema mwaka 2016. Sampuli zilizochukuliwa mwaka uliotangulia katika baadhi ya nyumba zilikutwa na madini ya risasi kupita kiwango. (Kiswahili kinayaita madini haya kwa jina la kile kilichomuua Evers, maana risasi za bunduki zilitengenezwa kwayo.) Madini hayo kwa kawaida hayatoki mtoni. Hutoka kwenye mabomba ya zamani na maungio yake, pale maji yenye kulika chuma yanapokaa ndani kwa muda mrefu.

Hapa ndipo mzazi mwangalifu anapoweza kukosea kwa nia njema. Moto huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, na kwa hilo usiache kuchemsha. Lakini risasi ni chuma, haifi kwa moto. Maji yakichemka sana hupungua kwa mvuke, risasi ikabaki ile ile ndani ya maji machache zaidi. Anayechemsha mara mbili kwa hofu anaweza kumpa mtoto maji mabaya kuliko yaliyotoka bombani.

Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba, kwa sababu risasi hushambulia ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, kutulia, kushika mambo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anayelelewa kwa maziwa ya kopo yuko hatarini mno, kwani karibu chakula chake chote ni maji.

Ndiyo maana ushauri waliopewa wazazi wa Jackson ulikuwa tofauti kabisa na ule wa kuchemsha: acha bomba litiririke dakika moja au mbili kabla ya kukinga, pikia maji ya baridi badala ya ya moto ya bombani, na mtoto chini ya miaka mitano au mjamzito atumie maji ya chupa au yaliyopita kwenye chujio la kuzuia risasi. Si kila chujio lina uwezo huo. La kitambaa halina.

Mwishoni mwa 2022 mahakama iliteua msimamizi maalumu wa maji ya Jackson, na Bunge la Marekani likatenga dola milioni 600 za kuyatengeneza.

Kwa watoto waliokwisha kunywa, dalili mara nyingi hazionekani kwa macho. Mtoto anacheza, anakula, kisha darasani anaanza kuitwa mzito au mtundu. Hata Afrika Mashariki risasi ipo, ingawa huja kwa njia nyingine: rangi za zamani zinazobanduka ukutani, betri chakavu za magari. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri, walilifikisha suala hilo mahakamani. Njia ya uhakika ya kujua kama mtoto ameathirika ni kupima damu, na kipimo hicho hakifanywi mpaka kiombwe. Mzazi mwenye wasiwasi akitaje kwa jina kliniki.