Uigizaji na Kisengerenyuma katika Eternal Sunshine of the Spotless Mind

Mhakiki aliyezoea kusaka kisengerenyuma katika riwaya atapata kazi ya kutosha katika filamu hii ya Marekani iliyotolewa mwaka wa 2004. Mwelekezi ni Michel Gondry wa Ufaransa, na mswada aliouandika Charlie Kaufman ulituzwa Oscar mwaka wa 2005. Anwani imechotwa katika shairi la Alexander Pope la mwaka wa 1717 kuhusu mtawa anayetamani kusahau mapenzi asiweze.

Kisa chenyewe ni cha ajabu. Joel anagundua kwamba mpenziwe, Clementine, amelipia huduma ya kufutiwa kumbukumbu zote zinazomhusu. Kwa uchungu, naye anaomba afutiwe. Usiku, akiwa usingizini, mafundi wanaanza na kumbukumbu za karibuni, zile za ugomvi na kuchoshana, kisha wanarudi nyuma. Wanapozifikia zile tamu, Joel anajuta na kuanza kumficha Clementine katika kumbukumbu za utotoni, mahali ambapo Clementine hakuwahi kuwako.

Ploti kama hii ingempoteza mtazamaji lau si uigizaji. Jim Carrey alikuwa amejijengea jina kwa vichekesho vya kukunja uso na kurusha viungo, kama katika The Mask (1994). Humu ametulia: mabega yameinama, sauti iko chini, na maneno mengi yanamfia mdomoni. Uchangamfu wote amepewa Kate Winslet, aliyekumbukwa na wengi kwa Titanic (1997). Hata nywele zake zinaigiza. Ni za kijani wanapokutana mara ya kwanza, nyekundu penzi linaponoga, rangi ya chungwa linapochakaa, na buluu baada ya kumbukumbu kufutwa. Mtazamaji makini huzitumia kama kalenda.

Lakini kuna jambo ambalo wapenzi wa filamu hii hulisahau upesi. Sehemu kubwa ya tunayoyaona yamo kichwani mwa Joel. Clementine anayekimbia naye kutoka kumbukumbu moja hadi nyingine ni Clementine wa Joel, aliyeundwa kwa mapenzi na kwa chuki zake. Winslet, kwa hiyo, anaigiza wahusika wawili wenye jina moja. Yule halisi, mwenye nywele za buluu, ana wasiwasi na upweke ambao Joel hakuuhifadhi. Suala la nani anayesimulia, linalotushughulisha sana katika nathari, limejibiwa hapa kwa uso wa mwigizaji.

Elijah Wood, kama fundi anayeiba maneno ya Joel ili amtongoze Clementine, hakupewa nafasi kubwa. Kirsten Dunst ndiye anayeshtua. Mary, karani wa kliniki, anampenda daktari mwajiri wake (Tom Wilkinson), kisha anaambiwa kwamba aliwahi kumpenda na kufutiwa penzi hilo. Ukimya wa Dunst anapoelewa hayo unauma kuliko kilio. Mary anawarudishia wateja wote kanda zao.

Ndipo Joel na Clementine, wakidhani wamejuana juzi tu, wanaposikiliza sauti zao wenyewe zikitukanana. Clementine anaondoka, Joel anamfuata ukumbini na kumwomba asubiri. Clementine anamwonya kwamba atamchoka tena. Carrey anainua mabega tu, na kukubali.